Somo la muuguzi kwa anayemuuguza mgonjwa liandikwe kwenye faili kama dawa: uzoefu wangu wa wodini Mwanza na mialoni

Mwanzisha uzi

Habari za jioni, wanajamvi.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 19, sehemu ya kwanza katika zahanati ya kisiwani upande wa Ukerewe, na sehemu kubwa zaidi katika wodi za watu wazima hapa Mwanza mjini. Naandika kuhusu kazi ambayo kila muuguzi hufundishwa chuoni kuwa ni yake, lakini wodini huachwa mpaka mgonjwa ameshavaa nguo za nyumbani na bajaji inasubiri getini. Kazi hiyo ni kumfundisha mgonjwa, na zaidi sana kumfundisha mtu anayemuuguza.

Nianze na mzee mmoja aliyelazwa kwa kiharusi. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka kwa shida. Binti yake alifika usiku kutoka kijijini, na asubuhi akaja wodini na chupa ya uji wa ulezi. Alimkuta baba yake amelala chali, akamnyanyua kichwa kidogo kwa mkono mmoja na kumnywesha kwa mkono wa pili, kama mtoto yeyote mwema angefanya. Mzee alipaliwa. Uji uliingia kwenye njia ya hewa, na siku mbili baadaye alikuwa na homa ya mapafu iliyomweka kitandani wiki tatu zaidi. Juu ya kitanda kile kulikuwa na karatasi iliyosema kwamba mgonjwa asipewe kitu chochote kwa mdomo mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Iliandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa Kiingereza, na aliyeiandika ni mimi.

Binti yule aliishia darasa la saba, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kisukuma. Sikuwahi kumwambia neno lolote kuhusu kumeza. Nilipomweleza baadaye, alilia, akaniuliza, "Sista, mbona hamkuniambia jana nilipofika?" Sikuwa na jibu, na swali lake ndilo lililonifanya nianze kufanya kazi kwa namna nyingine.

Hoja ninayoileta kwenu ni kwamba somo ni sehemu ya tiba, kwa hiyo lisimamiwe kama dawa inavyosimamiwa. Dawa hatumpi mtu yeyote tuliyemkuta karibu na kitanda. Tunahakikisha kwamba mgonjwa ni yeye, dawa ni yenyewe, na kipimo, njia na saa ni sahihi, kisha tunaandika na kutia sahihi. Somo hatulitendei hivyo. Tunamweleza yeyote aliyepo, saa yoyote tuliyopata nafasi, mambo mengi kwa mkupuo mmoja, halafu kwenye faili tunaandika "ameelimishwa". Neno hilo halisemi aliyefundishwa ni nani, alifundishwa nini, wala kama aliweza kukifanya alichofundishwa.

Suala la nani wa kufundishwa lina uzito kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika familia nyingi za kanda hii, anayesimama mbele ya daktari wakati wa raundi ni kaka mkubwa au baba mdogo, kwa sababu ndiye anayelipa na ndiye anayeheshimika. Lakini anayepika, anayeogesha na anayekumbusha dawa ni mtu mwingine kabisa. Niliwahi kumweleza kaka wa mgonjwa wa presha, kwa uangalifu mkubwa, jinsi ya kupunguza chumvi na kwa nini samaki wa kayabo, yule sangara aliyekaushwa kwa chumvi nyingi, hafai kwa ndugu yake. Alisikiliza vizuri na akanishukuru. Mpishi alikuwa mke wa mgonjwa, naye alikuwa Misungwi akilea watoto, na hakuna kilichomfikia. Siku hizi swali langu la kwanza ni, "Nyumbani ni nani anayeshika mwiko?" Kama hayupo, naomba apigiwe simu, nasi tunaongea simu ikiwa kwenye spika huku mgonjwa akisikia.

Kuhusu saa, siku ya kuruhusiwa ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mgonjwa anawaza nauli, ndugu anahangaika na malipo, na kila mmoja yuko tayari kukubali lolote ili aondoke. Somo lianze siku ya kulazwa, jambo moja kwa siku, na kila siku lile la jana lirudiwe kwanza.

Halafu kuna swali tunalolipenda sote: "Umeelewa?" Mama wa Kisukuma aliyelelewa kwa adabu hawezi kumjibu mtu mwenye sare nyeupe kwamba hajaelewa, kwake huo ni utovu wa heshima. Ataitika kila unachosema, nawe utaondoka ukiwa na furaha. Mimi namwamkia kwanza, "Mwadela, mayu", nakaa chini tulingane, kisha baada ya maelezo namwuliza, "Mama, ukifika nyumbani baba watoto akikuuliza nesi alisema nini kuhusu dawa hizi, utamjibuje?" Hapo ndipo unasikia kilichoingia na kilichopotea njiani. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na malaria alinijibu kwamba angempa dawa ya mseto mpaka homa ishuke, kisha angemtunzia mdogo wake vidonge vilivyobaki. Nilikuwa nimeshamweleza kwamba dozi ni mara 6 kwa siku 3, ya pili ikifuata ya kwanza baada ya saa 8 na zilizobaki asubuhi na jioni, kila mara pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Alivikumbuka vyote isipokuwa kimoja, kwamba homa kushuka siyo kumalizika kwa ugonjwa. Bila swali lile angeondoka nacho hivyohivyo.

Kama jambo ni la mikono, maneno hayatoshi. Kumlisha mgonjwa wa kiharusi hakufundishwi kwa kusimulia. Namwonyesha ndugu jinsi ya kumkalisha wima, kidevu kikiinamishwa kidogo, kijiko kidogo upande wenye nguvu, kusubiri mpaka ameze ndipo kijiko kingine kifuate, kuangalia kama chakula kimebaki shavuni, na kumwacha amekaa hivyo kwa nusu saa baada ya kula. Kisha nampa kijiko yeye, nami nanyamaza. Akikosea anakosea mbele yangu, na hilo ni salama kuliko kukosea nyumbani.

Sasa niende mwaloni, ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kwamba somo zuri likitolewa bila kujua maisha ya watu halina kazi. Nilipofika kisiwani nilikuwa nikiwaambia watu wasiingie ziwani kwa sababu ya kichocho. Mvuvi atavua vipi bila kuingia majini? Mama atafulia wapi? Walinisikiliza kwa upole na kwenda zao. Bibi mmoja muuza dagaa ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, ziwa hatuliachi. Tuambie la kufanya tukiwa ndani yake." Nikabadilisha somo.

Wadudu wa kichocho hutoka kwa konokono walioko kwenye majani na maji yaliyotulia, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyokwisha kukomaa hadi mchana. Kwa hiyo anayechota maji au kufua achague sehemu iliyo wazi isiyo na magugu, na akiweza aende alfajiri. Maji ya kuogea yakitekwa na kuachwa kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku 2, wadudu hao hufa kwa kukosa mwili wa kuingia. Ya kunywa bado lazima yachemshwe, kwa kuwa vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo haviishi kwa kuachwa siku 2. Vidonge vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, humezwa baada ya kula, na huua minyoo iliyokomaa tu, siyo michanga. Ndiyo maana mtu hupewa tena kampeni nyingine ya kugawa dawa ikija, na hilo halina maana kwamba dawa ya kwanza ilikuwa mbovu. Nilisisitiza pia choo, kwa kuwa kinyesi kinachofika ziwani ndicho kinachompa konokono ugonjwa wa kutugawia. Na niliwaeleza wanachokiona bila kujua chanzo chake: wale watu wa mwambao wanaovimba tumbo na kisha kutapika damu, wengi wao huanza na kichocho cha miaka mingi kilichoharibu ini.

Tena, usiende kufundisha wavuvi wa dagaa gizani mwa mwezi. Usiku wako ziwani, mchana wamelala au wanasaidia kuanika. Nenda siku za mbalamwezi, taa zao zinapokosa nguvu ya kuvuta dagaa na mitumbwi inapopumzishwa. Utawakuta wanashona nyavu, wana muda na wana maswali. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilaumu wavuvi kwa kutohudhuria, kumbe kosa lilikuwa kwenye ratiba yangu.

Naomba michango ya wauguzi wenzangu na ya ndugu waliowahi kuuguza. Nini kilikusaidia, na nini ulikuja kukijua ukiwa umechelewa?

Mchangiaji wa pili

Shikamoo, mama muuguzi. Nimesoma neno kwa neno, na nimemkumbuka mwanangu wa kwanza, ambaye ana selimundu, yaani sikoseli. Tuligundua akiwa na miezi 9, mikono na miguu ilipovimba. Tuliambiwa jina la ugonjwa na kupewa tarehe ya kliniki, basi. Ilichukua karibu mwaka mzima ndipo muuguzi mmoja wa kliniki alipochukua mkono wangu, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akanionyesha bandama lilipo na namna ya kulipima kwa vidole. Akaniambia nifanye hivyo mara kwa mara nikiwa namwogesha, na siku nitakapolikuta limekua ghafla, mtoto akiwa amepauka na mlegevu, nisisubiri kupambazuke.

Siku hiyo ilikuja, usiku, mtoto akiwa na mwaka na nusu. Nililigusa nikajua. Tulifika akaongezewa damu, na leo yuko darasa la tatu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini jambo kama hilo linategemea bahati ya kukutana na muuguzi mwenye moyo?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mama. Pole kwa usiku ule, na nashukuru Mungu kwa ajili ya mtoto.

Swali lako linagusa kiini cha uzi huu. Lilitegemea bahati kwa sababu halikuandikwa popote kama kitu cha lazima. Kama faili la mwanao lingekuwa na mstari unaosema "mama anaweza kupapasa bandama: ndiyo au bado", muuguzi wa kila zamu angeona neno "bado" na kulimalizia. Kanda hii ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo hatuzungumzii ugonjwa wa watu wachache.

Kwa wazazi wengine wanaosoma: homa kwa mtoto mwenye selimundu ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheza. Anywe maji mara kwa mara, alale ndani ya chandarua, na dawa ya haidroksiyurea kama ameandikiwa apewe kila siku hata akiwa mzima. Kwetu huku kuna jambo jingine ambalo vijitabu havilitaji. Maji ya ziwa asubuhi ni ya baridi, na baridi inaweza kumwamshia maumivu ya mifupa. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu nyumbani, na wakubwa zake waambiwe sababu, ili wasimwone anadekezwa.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mwanzisha uzi, mimi pia ni muuguzi, niko ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi. Nakubaliana nawe katika mengi, ila nina mashaka mawili. La kwanza ni idadi yetu. Usiku ninaweza kuwa peke yangu na wodi nzima, na wagonjwa wengine wako chini kwenye magodoro. Somo la kila siku kwa kila familia nitalitoa saa ngapi? La pili ni siri za mgonjwa. Ukisema tumfundishe anayeshika mwiko, vipi kuhusu mgonjwa anayetumia dawa za kufubaza virusi ambaye mke au shemeji hajui?

Mwanzisha uzi

Nakushukuru, mwenzangu. Mashaka yako yote mawili ni ya kweli.

Nianze na la siri, kwa kuwa hapo kosa moja linaweza kuvunja nyumba. Kabla ya kumwita ndugu yeyote, mgonjwa anaulizwa akiwa peke yake: nani akae nasi, na ni mambo gani nisiyataje mbele yake? Jibu lake ndilo mpaka wangu. Mambo mengi ya usalama yanaweza kufundishwa bila kutaja ugonjwa. Ndugu anaweza kujifunza kumgeuza mgonjwa, kumlisha, kunawa mikono na kutambua dalili za hatari bila kujua jina lililoandikwa kwenye kadi. Kwa mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, la mbali, somo langu la faragha huwa ni la mambo ya kawaida kabisa: aombe dawa za miezi kadhaa kabla hajaondoka, azifungashe wapi zisilowe, na akiishiwa atoke mwalo gani kwenda kituo gani. Na kwa heshima yote naomba tusiwatumie watoto kuwatafsiria wazazi wao Kisukuma au Kikerewe katika mambo ya aina hiyo. Mama hawezi kueleza kutokwa uchafu kupitia kinywa cha mwanawe wa kiume.

Kuhusu muda, sijawahi kupata saa ya ziada, na wala siisubiri. Nafundisha mikono ikiwa kazini. Ninapompa mgonjwa dawa ndipo namweleza ndugu dawa hiyo. Ninapomgeuza mgonjwa namwita ndugu ashike upande wa pili, na kwa mgeuzo huo mmoja amejifunza kuzuia vidonda vya mgongo. Dripu ninaiwekea somo la sentensi mbili mara tu ninapoitundika, kwa sababu nimeshakuta ndugu amefungua kidhibiti ili maji yaishe haraka wapumzike, naye hakujua kwamba maji yakiingia kwa kasi yanaweza kumjaza mgonjwa mapafuni. Oksijeni vilevile: hakuna anayegusa mtambo, na hakuna jiko, kiberiti wala sigara karibu. Hayo yanachukua dakika moja.

Wodini kuna walimu wengine ambao hatuwatumii. Katika chumba cha mama wanaolea watoto njiti kwa kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi, mama aliyemaliza wiki 2 humfundisha aliyeingia leo vizuri kuliko mimi, kwa sababu naye juzi alikuwa anaogopa. Kazi yangu inakuwa kusikiliza na kusahihisha. Hata hivyo, kuna somo ambalo sikubali kuliachia mtu mwingine, nalo ni la dalili za hatari kwa mjamzito: damu, kichwa kikali, maluweluwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Hilo namfundisha mwenyewe, pamoja na mume au mama mkwe kwa ridhaa yake, na sihesabu kwamba limekwisha mpaka wote wawili waniambie namba 115 ya kuombea usafiri wa dharura, na nani atakayepiga simu akiwa yeye hawezi kuongea.

Mchangiaji wa nne

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mimi siyo mtaalamu, namuuguza mama yangu mwenye kisukari kisiwani, na umeme wetu si wa kutegemea. Insulini yake naitunzaje bila friji? Na je, hicho unachotaka kiandikwe kwenye faili, kinaandikwaje hasa? Nataka nikienda kliniki niweze kuomba.

Mwanzisha uzi

Hongera kwa kumtunza mama. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kidogo kiingie ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na uumwagie maji asubuhi na jioni. Chupa ya insulini ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, iweke kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, na uweke kivulini penye upepo. Udongo unapotoa jasho hupoza. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua, kwa kuwa ikishafunguliwa nyingi hutumika kwa wiki 4 tu, kisha uliza kliniki kuhusu aina mliyopewa. Isigande kwenye barafu la samaki. Ikiganda haifai tena. Kila jioni, ukimwosha mama miguu, angalia katikati ya vidole na chini ya nyayo, maana anaweza kuwa na kidonda asichokisikia.

Kuhusu namna ya kuandika, nakunakilia mfano mmoja kutoka kwenye daftari langu, bila jina. Uombe kliniki waandike kwa namna hiyo, na wewe ubaki na nakala:

"Saa 4 asubuhi. Aliyefundishwa: binti, ndiye atakayemlisha nyumbani. Somo: kulisha kwa usalama. Ameonyeshwa mara moja, akafanya mwenyewe mara mbili. Anamkalisha vizuri, anasubiri ameze. Amesahau kuangalia shavu. Hajaweza kueleza kwa nini asimlaze mara tu baada ya kula. Zamu ya jioni irudie hayo mawili, wakati wa uji."